Gauni Jeupe la Saa Saba Mchana

Jumapili, 7 Septemba

Chai, mkate, kisha kuhamisha picha za kadi mbili za kamera. Harusi ya jana. Picha mia nne na ushee, zote faili ghafi, yaani kamera haijazipika hata kidogo. Maharusi walipotoka kanisani walitaka kupigwa kwenye mawe ya ziwani, kama kila harusi ya Mwanza. Saa saba mchana. Jua la utosini, maji yanarudisha mwanga machoni, gauni jeupe, watu weusi. Nani aliwadanganya kwamba hiyo ni saa ya picha?

Nilipima mwanga kwa gauni. Weupe ukiungua haurudi, ila giza unaweza kulivuta baadaye kwenye kompyuta. Kwa sasa watu wote wanaonekana vivuli vyenye meno. Sina wasiwasi. Kazi nzuri, najisifu mwenyewe maana hakuna wa kunisifu.

Jumatatu, 8 Septemba

Lesi yote ya gauni ipo, uzi kwa uzi. Deus, mwenzangu wa studio hapa Igoma, kaicheka tena kamera yangu. Haijilengi yenyewe. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unazungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Anaiita kamera ya wastaafu.

Yeye ana kitufe chake kwenye kompyuta. Anabonyeza mara moja, sura zote zinakuwa rangi ya andazi bichi. Bwana harusi, shangazi, mchungaji, wote ukoo mmoja.

"Sista, mteja anataka kung'aa," kanijibu. Na yeye ni mweusi kuliko mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Neema, yule bi harusi, kapiga simu analia. Bibi yake, Bibi Milembe, amefariki jana. Moyo. Wanahitaji picha ya kubeba mbele ya jeneza na hawana hata moja. Kwenye kitambulisho sura imefutika.

"Dada, si ulimpiga pale kwenye mawe?"

Nilimpiga. Mara moja tu, na Neema mbele yake. Nimeifungua. Jua liko juu ya bibi, kilemba kimemtupia kivuli usoni. Doa jeusi. Nililinda lesi nikamwacha mtu gizani, halafu nikajisifu. Najichukia leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi yote kwenye picha moja. Nilipovuta giza zilikuja chenga, nyekundu na kijani, kama televisheni isiyo na antena. Nikazifuta, ngozi ikawa plastiki. Nikarudi mwanzo. Nikaondoa rangi zote, ikabaki nyeusi na nyeupe, chenga zikatulia.

Saa sita sura ikatoka. Mweusi hasa. Mikunjo yake, midomo mikavu, mkono umeshika jiwe. Nilikaa nikamtazama. Nilifurahi kweli.

Nikamtumia Neema. Jibu: "Dada mbona bibi mweusi hivi? Na amekunja uso. Watu watatucheka."

Deus akaichukua, akabonyeza. Akampandisha na pembe za midomo ili acheke. Dakika mbili. Familia nzima imeshukuru kwenye simu, emoji za viganja vya shukrani zimepangwa mstari.

Kinyaa. Sina neno jingine. Marehemu hawezi hata kukataa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mazishi, Usagara. Mbele ya jeneza, picha ya mwanamke mweupe asiye na kunyanzi hata moja, anacheka. Fulana zimechapwa sura hiyohiyo, kila kifua. Sijui walikuwa wanamlilia nani.

Mama mmoja akanishika mkono: "Mmempendezesha." Nikaitikia asante. Mdomo wangu huuhuu. Kwa hiyo uchafu huu ni wangu pia.

Mume wa marehemu, Mzee Masanja, hakuitazama ile picha hata mara moja. Nimemwona. Alitazama chini muda wote. Yeye anamjua mkewe. Nitamchapia ile ya kweli nimpelekee mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeenda Usagara. Nimemkuta Mzee Masanja uani, kwenye kiti, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu."

Akanipisha kiti chake, yeye akakaa mkekani. Nikakataa, akasisitiza. Nikampa bahasha.

Aliishika picha kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nilisubiri aseme ndiye huyu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu Deus na kitufe chake.

"Ndiye," akasema. Kisha: "Hapa amechoka. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuomba kiti."

Nikakitazama kiti nilichokalia.

"Mara mbili alikuomba."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka tu. Nami nikajaribu kukumbuka. Nakumbuka nilimwambia asogee kulia kidogo, halafu asitikisike. Sauti yake siikumbuki kabisa.

Mzee akaiweka picha ndani ya Biblia, akavuta hindi jingine. Maneno niliyoandaa sikuyasema. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa naye mkekani, tukapukuchua.