Mazizi Niliyomhesabia Nesi

Mjukuu wangu Paskali,

Marahaba. Hapa Tumati tu wazima. Ng'ombe wa mama yako amezaa ndama jike, na maharage tumeshayapura.

Umeandika kwamba ile programu yako, unayoiandikia amri ikafupisha njia ndefu ya kulifikia faili, kwako inalifikia vizuri, lakini kwenye kompyuta ya mwenzako inapotea. Ukauliza kwa utani kama bibi anajua sababu. Nadhani naijua, na naona aibu kuisema.

Nikiwa msichana, nesi mgeni aliyelala kanisani alinikuta kisimani. Akaniuliza njia ya kushukia Yaeda Chini, kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Nilikuwa na haraka, nikamfupishia: "Ukifika zizi la tatu, kata kushoto." Mazizi niliyahesabu kuanzia mlangoni kwetu, kama tulivyozoea nyumbani. Yeye alianzia kanisani.

Alipotea, akafika kesho yake. Mzazi alipona. Ya mtoto sitayaandika.

Aliporudi, viatu mkononi, alipita kwetu akaniambia mbele ya mama yangu, "Samahani binti, ulinielekeza vizuri, mimi ndiye niliyesahau."

Nikajua pale pale kosa lilikuwa wapi. Nikajibu tu, "Pole, dada." Alipoondoka, mama akanisifu kwa adabu.

Fupisha, mjukuu wangu, ila programu yako ijue kwanza mtu anaanzia wapi. Mimi sikumuuliza. Na haya sijawahi kumwambia mtu, hata babu yako hakuyasikia.

Bibi yako, Martina