Ufa wa Mtutu

Tarehe 14 Juni. Leo ni mwaka na miezi miwili tangu niondoke.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na utanivumilia, maana kalamu sijaizoea kama msasa.

Nilikwambia nimepata bunduki ya kuwindia kwa bei ya kutupa, nikuletee uwafukuze nguruwe wanaomaliza shamba. Aliyeniuzia ni mlinzi mstaafu, na karatasi zake zilikuwa halali. Nilipoingia nayo kambini, wenzangu wa kiwanda cha mbao walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja aliuliza kama nimenunua mchi, na kinu nimekiacha wapi. Kutu ilikuwa imeila, kitako kimepasuka. Asiyecheka alikuwa Kofia peke yake, jirani yangu wa kitanda, ambaye hata akienda kuoga kofia huivua mwisho. Alisema nipewe muda, mkono wangu anaujua.

Nikaishughulikia Jumapili saba. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na msasa, kitako nikachonga kipya kwa mbao ngumu aliyonipa msimamizi. Ilipong'aa, wale waliocheka wakawa wanagombea kuishika.

Halafu nikaipeleka kwa fundi wa bunduki aikague. Akanionyesha ufa chini ya mtutu, karibu na pale risasi inapokaa, mwembamba kama unywele. Akasema niitundike ukutani, nisije nikaifyatua.

Kaka, sikuweza kurudi kwa wale watu na neno hilo. Kiwandani, ubao ukiwa na ufa tunauziba kwa gundi na unga wa mbao, tunapiga msasa, tunapaka vanishi, na mnunuzi haoni kitu. Ndiyo kazi yangu. Basi nikauziba mtutu kwa gundi ya chuma, nikausugua, nikaupaka rangi nyeusi. Nikawaambia fundi ameisifu.

Wiki iliyopita nguruwe walivamia bustani ya kambi. Kofia, ambaye ana kibali cha kuwinda, akaniomba bunduki. Nikatafuta visingizio, mara risasi ni za zamani, mara kuna umande. Akanitania kwamba nimemficha bibi harusi wangu. Wenzetu walikuwa wanasikiliza. Nikampa.

Mtutu ulimpasukia mkononi. Amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Nilipokwenda hospitali, hata sijakaa, alisema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuharibia bunduki yako."

Nami nikamjibu kwamba nimemsamehe.

Hilo linanichoma kuliko vyote. Mkewe anafika kesho, na Kofia amenituma nikampokee stendi, nimweleze ilivyokuwa. Leo nikitoka kazini nitapita hospitali nimwambie yeye kwanza, kisha kesho mkewe. Nimekuandikia wewe mapema ili nisipate pa kukimbilia.

Msalimie mama, ila haya usimsomee. Wape watoto mkono. Na mwezi wa nane msinisubiri. Nitashika zamu yangu na yake pale msumenoni mpaka mkono upone na apatiwe kazi anayoiweza, kama hatakataa msaada wangu. Nategemea kufika mwakani, mvua zikianza, na nitakuja bila bunduki.

Ni mimi,
mdogo wako