Mume Wangu Kapima Maziwa Yangu, Anasema Yametiwa Maji

Nyamizi, leo ndiyo umenikumbuka. Ulipokuwa na mimba barua zako zilikuwa haziishi, mara kiungulia, mara miguu imevimba, mara umeota nyoka amevaa miwani. Ukaniahidi kwamba ukijifungua utamleta mtoto nimbebe. Mtoto sasa anajigeuza mwenyewe kitandani na mimi hata pua yake siijui kama ni ya kwenu au ya kwao. Kutoka Lalago mpaka hapa Bariadi ni Ulaya? Umekaa kimya mpaka nyumba imewaka moto ndipo unamwita bibi alete ndoo. Haya, wasomaji wengine nao waone ulichoandika, halafu tukutane huku chini.

*Bibi Wilhelmina, mwangaluka, na shikamoo pia, naomba usinikasirikie maana nimebanwa kila upande na sina wa kumwambia, mimi ndiye yule Nyamizi mke wa Ngassa, Mungu alitujalia mtoto wa kiume tukamwita Mayige, ana miezi mitano, na mwanzoni mambo yalikuwa shwari maana siku zangu hazikuonekana kabisa, mama mkwe akafurahi akasema ndivyo inavyotakiwa, anayenyonyesha hatakiwi kuona kitu, sasa Mayige alipotimiza miezi mitatu zikaja, zikagusa kidogo tu zikakatika, mwezi uliofuata hazikuja nikaogopa nimeshika mimba, halafu wiki iliyopita zikaja nyingi kuliko zamani, na siku hizohizo Mayige akawa mkorofi wa kunyonya, anavuta kidogo anaachia analia. Mama mkwe aliponiona nafua vitambaa akasema basi, damu imeingia kwenye maziwa.*

*Bibi, unajua Ngassa ni mchuuzi wa maziwa, anazunguka kwa wafugaji na pikipiki yake nyekundu, ile aliyoifunga mkia wa ng'ombe nyuma, halafu anakuja kuyauza huko kwenu Bariadi mjini, na anacho kile kijiti cha kioo cha kupimia maziwa, kikielea juu maziwa ni mazuri, kikizama yametiwa maji, na hakuna mfugaji anayebishana nacho. Akaniambia kamua. Nikakamua kwenye kikombe cha mtoto, yakapatikana kama robo ya kikombe, bado yana joto, akatumbukiza kijiti mbele ya mama yake na baba yake, kijiti kikashuka mpaka chini kikagonga kikombe, ti, kikaegemea ukingoni. Ngassa akavua kofia akasema, "Haya sipokei." Kama anaongea na mfugaji. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji umetilia wapi?" Nikasema, mayu, nitatilia wapi? Akasema, "Ndiyo nakuuliza."*

*Baba mkwe, mzee Mashimba, ambaye kwa kweli ananipenda, kesho yake aliniletea nusu gunia la mashudu ya pamba akaliweka mlangoni kwangu, akasema hata yule ng'ombe wake Madoa alipopungukiwa maziwa yalimsaidia, nichanganye na pumba. Sasa Jumapili baada ya kanisa shangazi yake Ngassa anakuja kutoka Migato na pilipili ya kunipaka kwenye ziwa ili Mayige aachishwe, aanze maziwa ya ng'ombe, dumu lake limeshatengwa. Mimi sitaki bibi, nikimsikia tu analia nguo inalowa kifuani, lakini najiuliza, je, kama kweli namnywesha mwanangu uchafu? Hata usiku halali na mimi, mama mkwe alimchukua tangu alipokuwa na miezi miwili na nusu, akilia anampa maji kwa kijiko, anasema ili asubuhi maziwa yawe yamejaa. Nijibu kabla ya Jumapili. Mimi mjukuu wako, Nyamizi.*

Nyamizi, hapo penye kikombe nilimwambia Flora anayenisomea arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, safari hii si kwa sababu sikusikia.

Kijiti cha mumeo kina urefu gani? Mimi nimeviona sokoni, ni virefu kama mkono wa mtoto wa chekechea, na huelea kwenye mkebe mrefu uliojaa maziwa. Na kikombe cha Mayige je? Na ndani yake mmeweka robo. Kijiti hakikuzama, mama, kimefika sakafuni. Mchukue Ngassa umsimamishe ndani ya karai la kufulia, miguu iguse chini, halafu uwaite majirani uwaambie amezama, uone kama watalia. Tena maziwa yenyewe yalikuwa na joto la mwili. Mchuuzi mzima anajua kwamba hata ya ng'ombe huachwa yapoe kwanza ndipo yapimwe, lakini ya mkewe kayawahi kama anafukuza mwizi. Na kile kioo kilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Wewe una pembe?

Kama yalionekana mepesi, ndivyo yalivyo yale ya mwanzo, ya kumtoa mtoto kiu. Mazito yanakuja nyuma, ziwa likikaribia kuisha. Ndiyo maana mtoto aachwe amalize ziwa moja kabla hujamgeuza.

Sasa damu. Nisikilize vizuri maana hapa ndipo wanapotaka kumnyang'anya mtoto chakula chake. Damu ya mwezi iko tumboni chini, maziwa yako kifuani, na hakuna mlango kati ya vyumba hivyo viwili. Maziwa yako hayajaharibika na hayataharibika hata ukiwa katikati ya siku zako. Kinachotokea kwa wengine ni kwamba siku zikikaribia, maziwa yanapungua kidogo, au ladha inabadilika kidogo, mtoto ananuna kama mzee aliyewekewa ugali uliopoa. Siku chache yanarudi. Dawa yake ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, siyo kumtoa.

Na hizo siku kuja leo, mwezi unaofuata zisije, halafu zije kwa kelele, usiogope sana. Mwili umetoka kujifungua, bado unatafuta njia yake ya zamani. Mimi watoto wangu saba, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia siku kama mwenzake. Kuna niliyemnyonyesha mwaka na zaidi sijaona kitu, na kuna ambaye hata kitovu kilikuwa hakijasahaulika, tayari.

Lakini wewe zako zimewahi, na sababu moja nimeiona kwenye barua yako, umeiweka mwishoni kabisa kama mtu anayefagia taka chini ya jamvi. Mtoto halali na wewe. Huko zizini ndama hutengwa na mama yake usiku ili asubuhi watu wakamue. Wewe asubuhi nani anakukamua? Mtoto akinyonya mchana na usiku, mwili unajua una kazi, unaziacha siku zikae mbali. Akiacha kunyonya usiku, mwili unaona kazi imepungua, siku zinarudi, na maziwa yenyewe yanaanza kupungua kwa sababu hakuna anayeyadai. Mama mkwe wako alikuwa anayaweka akiba, kumbe anayafunga. Na wewe unalala upande wa pili wa ukuta, unamsikia mwanao anapewa kijiko cha maji, unalowesha nguo na kunyamaza. Hapo nimekukasirikia kweli. Mtoto wa miezi mitano hahitaji maji wala uji, wala hilo dumu. Ziwa tu, mpaka atimize sita.

Usimchukie mama mkwe. Hana ubaya, anafuga. Leo jioni nenda kamchukue mwanao, mwambie, "Mayu, asante kwa kunipumzisha, sasa nimepumzika." Usiongeze neno.

Kesho asubuhi nendeni zahanati, wewe, Mayige na yeye mwenyewe mama mkwe. Usimweleze haya kwa mdomo wako, maana wewe ndiye mtuhumiwa. Nesi ndiye amwambie, na mtoto apandishwe kwenye mizani mbele ya macho yake. Mizani ya watoto ndiyo kipimo cha maziwa yako, hakuna kingine. Wewe nawe upimwe mimba, maana kuruka mwezi kunaweza kuwa ni mwili tu, na kunaweza kuwa ni mtu. Siku zikisharudi unashika mimba kama kawaida, na wengine hushika hata kabla hazijarudi. Ngassa amekataa kupokea maziwa, lakini kuna mengine nina hakika hajakataa. Kwa hiyo mwambie nesi akupe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha, zipo za namna nyingi. Na ukiona damu inalowesha kitambaa kila saa, au kizunguzungu, au homa, au harufu mbaya, usiniandikie mimi. Kimbia hospitali.

Mashudu mrudishie mzee Mashimba kwa mikono miwili na umshukuru, katika nyumba hiyo ni yeye peke yake aliyefikiria kwamba labda una njaa. Mwombe badala yake maharage na mchicha.

Shangazi akifika Jumapili mpokee vizuri, mtandikie, hiyo pilipili yake ichukue kwa adabu uitie kwenye samaki wa Lamadi, mle wote mpaka jasho liwatoke. Mayige akiwa ziwani wakati huo, shangazi ataona mwenyewe.

Na safari hii usiniahidi, njoo. Jumamosi ya wiki ijayo, na mtoto mgongoni. Ngassa akulete na hiyo pikipiki nyekundu yenye mkia, na abebe kijiti chake pamoja na ule mkebe mrefu wa kupimia, kikombe akiache nyumbani. Maana mwenye pikipiki ya namna hiyo ndiye anayeniletea maziwa kila asubuhi, na chai yangu siku hizi naiona mpaka chini ya kikombe. Mwambie nitakuwa nimeyaacha yapoe vizuri, yanamsubiri.