Kitunguu Saumu cha Mama Mkwe

Ijumaa. Mvua ilianza kabla ya saa mbili asubuhi na mpaka sasa haijakata. Biharamulo yote ni matope. Moyo wangu mzito, na kilichoulemea ni kitu kidogo hata naona haya kukiandika.

Ni kitunguu saumu.

Mjukuu wangu Advera, ninayeishi naye tangu apangiwe kufundisha hapa, jana alikula nyama iliyojaa vitunguu saumu. Leo alikuwa na kikao na wazazi wa wanafunzi, akauogopa mdomo wake. Akafungua simu, akanisomea vyakula vinavyopunguza harufu ile: maziwa, nanaa, tufaha, saladi mbichi.

"Na maziwa, Bibi, wanasema yanasaidia zaidi ukiyanywa pamoja na chakula kuliko ukingoja umalize kula."

"Najua," nikamwambia.

"Umejulia wapi?"

Nikajifanya nasikiliza mvua. Ameshaondoka, na nyumba iko kimya. Acha niandike nilikojulia.

Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa mke mchanga wa Filbert, na binti yetu wa kwanza, Veneranda, alikuwa na miezi minne. Tulikuwa Nemba, kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama madawati. Tuliishi na mama yake Filbert, Mama Susana. Zamani alivuka kutoka Burundi, Filbert akiwa mgongoni, akalima Bugarama miaka mingi, kisha tukahamishiwa Nemba pamoja na wengine. Kifua kilikuwa kinambana. Zahanati mara nyingi haikuwa na dawa, basi asubuhi na jioni alitafuna punje mbili mbichi za kitunguu saumu. Mwenyewe alikiita tungurusumu. Alipotafuna, nyumba nzima ilijua.

Mimi harufu ile ilinishinda tangu nikiwa na mimba. Siku moja alimpakata Veneranda, nikamchukua mtoto mikononi mwake.

"Mama, mtoto analia ukimshika. Ni hiyo harufu."

Alinitazama kidogo. "Nimesikia, mukazana," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa mwanawe.

Mtoto hakuwa amelia. Niliyeudhika ni mimi.

Tangu siku hiyo Mama Susana alianza kuitafutia dawa harufu yake. Alitafuna majani ya mpera. Akajaribu limau, akabaki na vidonda vya mdomo. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, akajaribu maziwa. Alipoyanywa baada ya kitunguu, harufu ilipungua kidogo tu. Alipoyanywa pamoja nacho, funda moja kwa kila punje, ilififia kweli. Aligundua peke yake. Hakuwa na wa kumsomea.

Kisha alikuja mbele yangu, akainama, akafungua mdomo.

"Nusa."

Nikamnusa mama wa mume wangu kama mtu anayekagua samaki sokoni. Nikasema, "Leo sawa," nikampa mtoto. Siku nyingine nikasema, "Leo bado," akarudi kukaa mlangoni. Filbert alikuwa shambani saa hizo. Hakuwahi kuona, na mama yake hakuwahi kumwambia.

Halafu wanaume wakaitwa. Filbert alikuwa mgambo, akapanda lori pamoja na wenzake. Aliagana na mama yake kwa Kirundi, na mimi nikaambiwa neno moja tu: "Watunze."

Kiangazi kilipokuja ng'ombe akakaribia kukauka. Tulipata kikombe kimoja kwa siku. Kwa wasiwasi, maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yamepungua, na Veneranda alikuwa ametoka kuugua surua, mwepesi kama kikapu kitupu. Kikombe kikawa chake.

Mama Susana akaacha kuja kuniambia nusa. Alikaa mlangoni, mikono juu ya mapaja, akimtazama mtoto mgongoni kwangu. Nilidhani amenuna. Nikanuna na mimi.

Wiki nyingi tuliishi hivyo, wanawake wawili, tukizungumzia kuni na maji tu.

Siku ile ilikuwa zamu yangu kwenye shamba la kijiji, na nilisikia pia kwamba chumvi imefika dukani. Nilikuwa nafunga mbeleko haraka haraka. Mama Susana akasimama mbele yangu akishika ukuta. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi.

"Mukazana, sijala tungurusumu leo siku ya tatu. Nusa."

"Mama, nachelewa."

"Nimpakate kidogo tu. Maziwa siyagusi, ni ya kwake."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa amekaa mbali siku zote zile. Nilielewa, na bado nikatoka. Nilijiambia foleni ya chumvi haimsubiri mtu, nitampa mtoto nikirudi.

Nilirudi jua likiwa limeinama. Majirani walikuwa wamejaa uani. Kifua kilimbana mchana, nyumbani hakuna mtu. Mama wa nyumba ya pili alimkuta mlangoni, ameegemea mhimili, kanga yake imekunjuliwa mapajani kama anayesubiri kupewa kitu.

Kama ni kuacha kitunguu kulikomuua, sijui. Labda kifua kilikuwa kimefika mwisho wake. Nimejiuliza miaka yote hii na sijapata wa kunijibu.

Filbert alirudi vita vilipokwisha, amekonda, sikio moja halisikii. Habari za msiba alizipata njiani. Alikwenda kaburini, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimnyanyua Veneranda, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama alimbeba?"

"Kila siku," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akalia kwa mara ya kwanza tangu arudi, na nikaona kwamba neno langu lilikuwa limempoza. Basi nikaliacha hivyo. Kila alipomsimulia binti yetu juu ya bibi yake, alimwambia, "Ulikulia mikononi mwake." Miaka sita iliyopita Filbert alizikwa akiamini hivyo.

Veneranda bado anaamini. Ana nywele nyeupe sasa, anaishi Ngara, na binti yake wa kwanza amembatiza Susana.

Leo nimeandika namba ya Veneranda kwenye simu mara mbili, nikafuta. Najiuliza nitakuwa namwambia ili ajue, au ili mimi nipate nafuu. Sijui. Ila mwanamke yule alinyimwa mjukuu wake, akanyamaza, na watu pekee waliobaki wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa uongo wangu.

Nitapiga. Hata akikata simu, atakuwa ameshamjua bibi yake.