Nusu Tangi, Valley Road

Jumapili jioni, mtaani Satellite. Baridi ya Julai imekaa tangu asubuhi na jua halikutokea kabisa. Niko kwenye kiofisi changu cha karakana na sweta mbili mwilini, na chai imepoa mezani.

Leo nimenusurika. Kuna watu wengine walionusurika pamoja nami, na hawajui kwamba ni mimi niliyekaribia kuwaponza.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina lori la zimamoto. Ni la jeshi, limestaafishwa, nililitoa mnadani likiwa bado la kijani na nyasi zimeota hadi ndani ya kebini ya dereva. Kazi yangu ni kuchomelea na kupiga rangi magari, kwa hivyo bodi haikunitisha. Nilikwangua ile kijani yote, kwa sababu raia hawezi kutembea mjini na rangi ya jeshi, nikalipaka nyekundu inayowaka. Injini na pampu alizifufua Barasa, mdogo wangu.

Barasa aliendesha magari haya haya alipokuwa jeshini. Siku moja mazoezini lori likapinduka naye, mwenzake aliyekuwa pembeni akavunjika mgongo. Akarudi nyumbani, akasema hatashika usukani tena. Tangu hapo hakuwahi kuendesha hata pikipiki.

Basi niseme ukweli wangu. Mimi lori sikulitaka. Nilimtaka yeye arudi barabarani, na nilijua hakuna gari lingine litakalomvuta.

Na kweli lilimvuta, ila kwa kulitengeneza tu. Ikifika kuliendesha, sababu hazimwishi. Mara kioo cha pembeni kinacheza, mara waipa inakwama, mara taa ya nyuma haimridhishi. Ningelia, lakini mimi si mtu wa kulia, mimi ni mtu wa kununa. Nimenuna miezi.

Halafu wakatokea wenye maduka wa mtaa mmoja wa katikati ya mji, watu wa vitambaa na vyombo, waliotaka kuona kama lori linaweza kuwalindia mtaa wao. Wakasema tulilete Jumapili asubuhi, barabara zikiwa wazi, tuwapigie maji mbele ya macho yao. Barasa alikubali. Nilimwuliza mara mbili ili nihakikishe nimesikia vizuri, mpaka akaanza kukasirika.

Sasa kuhusu tangi. Ndani ya tangi kulikuwa na kuta za chuma za kuyazuia maji yasikimbie huku na huku gari likitembea. Zilikuwa zimeoza kwa kutu, tukazikata, na mpya hazijawekwa. Barasa alinipa mimi dada yake sheria moja tu: mpaka kuta zirudi, tangi litembee likiwa limejaa hadi mdomoni au likiwa tupu, hakuna katikati. Niliitikia kwa kichwa jinsi mtu anavyoitikia matangazo ya kanisani.

Ijumaa tulilijaza kwa boza, lile lori la kuuza maji. Jumamosi ikaharibu kila kitu.

Mifereji ya nyumba za huku ilikuwa imekauka wiki nzima. Na Jumamosi, mtaa wetu hufua. Wengi hapa tumetoka magharibi, na kuna makanisa yetu ambayo huwezi kuingia Jumapili na kanzu yenye doa; nyeupe iwe nyeupe. Mama Adhiambo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na mtungi mmoja akaomba kwa heshima, amevua hata viatu mlangoni. Ningemnyimaje maji mtu wa namna hiyo, na lori zima limesimama uani limejaa? Barasa alikuwa ametoka. Nikafungua koki. Nyuma ya Mama Adhiambo wakaja wengine wawili, kisha kwaya nzima.

Nilipogonga tangi kwa ngumi, lililia tupu hadi katikati.

Nikajiambia hata vizuri, litakuwa jepesi. Jepesi si ndiyo salama? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi niliyekata zile kuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini si ujinga peke yake ulioniziba mdomo. Nilijua nikimwambia Barasa, ataahirisha. Boza haliji Jumapili asubuhi. Angepata sababu nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na mimi ndiye ningekuwa nimempa. Kwa hivyo leo alfajiri alipokuwa akipasha injini moto na kuniuliza tangi likoje, nilimjibu huku nikifunga kamba za viatu.

"Maji iko."

Hakuuliza tena. Akapanda, nami nikapanda pembeni yake.

Mpaka Dagoretti Corner nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimwangalia anavyobadilisha gia, shingo imenyooka, jasho limemtoka na baridi yote ile, lakini anaendesha. Mdogo wangu anaendesha. Ngong Road ilikuwa tupu kama walivyosema wenye maduka. Kila alipokanyaga breki nilisikia kishindo kizito nyuma yetu, kisha lori linajikunja mbele kidogo. Yeye alikuwa anatazama kioo cha pembeni, anatazama geji, anatazama kioo tena. Nilijua anatafuta nini. Nikageukia dirisha.

Tulipoyapita majengo marefu ya Upper Hill na kuushika mteremko wa Valley Road, lori likabadilika tabia. Maji yote yalikimbilia mbele, yakatusukuma. Barasa akaachia kidogo, yakarudi nyuma. Akakanyaga, yakaja tena, mara hii yakiwa yameegemea upande, na lori likavuta kuelekea ukingoni. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Dada, hii tangi ni nusu?"

Alisema polepole, macho yakiwa barabarani.

"Ni nusu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alishusha gia, injini ikapiga kelele, akashusha nyingine. Breki alizigusa kidogo kidogo, akiyasubiri maji yaende yarudi, anagusa tena. Niliona midomo yake inasogea, nikadhani anaomba, kumbe alikuwa anahesabu mwendo wa maji. Chini kabisa taa zilikuwa nyekundu na watu walikuwa wanavuka, watu wa kanisani, wamevaa vizuri, hawana haraka.

Nilitaka kusema kitu. Likatoka jina lake tu.

"Usiongee."

Lori lilisimama. Naandika hivyo kwa sababu lilisimama kweli, magurudumu yalitulia kabla ya mstari, na mimi nikapumua. Halafu yale maji yaliyokuwa nyuma yakafika mbele. Lori zima likarushwa hatua nyingine, likiwa limeshikiliwa breki, matairi yakilia. Mzee mmoja mwenye suti ya kahawia alikuwa mbele yetu hasa. Hakukimbia. Aliweka kiganja chake juu ya boneti, mkono wa pili umeshika Biblia, kana kwamba angelizuia yeye.

Likaishia hapo, kwenye kiganja.

Watu walipiga kelele. Mzee alitazama rangi nyekundu, akautazama mpira wa maji uliokunjwa ubavuni, kisha akanitazama mimi dirishani.

"Na hii ndiyo ya kuokoa watu?"

Akapangusa kiganja kwenye koti, akavuka.

Barasa alilisogeza lori pembeni, akazima injini, akashuka. Nikafikiri anaondoka, na moyoni nikasema basi, nimemmaliza. Nilitaka kumtoa kwenye ajali moja, nimempeleka kwenye nyingine. Lakini alizunguka nyuma, akafungua koki ya chini na kuyaacha maji yamwagike yote barabarani. Nikasimama kando yake. Watu waliokuwa stejini wakingoja magari walitutazama kama wendawazimu, maji safi yanaingia mtaroni na nusu ya mji umekauka. Askari mmoja alikuja kuuliza, akauona uso wa Barasa, akaamua kuuliza siku nyingine.

Tangi lilipokauka alipanda tena.

Hilo ndilo ambalo sikulitegemea. Alipanda, akawasha, akaendesha hadi kwa wale wenye maduka. Aliwaambia mwenyewe kwamba tangi lilikuwa na kasoro, hatuwezi kuwapigia maji leo, na kama wana subira atarudi kesho alfajiri kabla hawajafungua maduka. Walinong'onezana, wakakubali. Hakunitaja. Kisha akageuza lori kwenye ile mitaa myembamba kwa ustadi ambao nilikuwa nimesahau kwamba anao, akatupandisha mlima uleule na kutufikisha nyumbani.

Hapa uani ndipo nilipomwambia yote. Kanzu, kwaya, koki. Nikamwambia na ile sababu ya kweli, kwamba niliogopa ataahirisha. Nililia, mimi nisiyelia. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango wa lori, akasubiri nimalize.

"Hii gari nishaijua," akasema. "Najua vile inasukuma, najua nitaishika wapi. Ni wewe sijui. Ukiniambia maji iko, nitakuamini aje?"

Nikasema samahani. Akasema ameisikia.

"Boza inakuja jioni. Nitajaza mwenyewe mpaka juu. Kesho naenda peke yangu. Wewe usikuje."

Boza limekuja na limeondoka. Nimemwona kupitia dirisha hili, amepanda juu ya tangi, anachungulia kwa tochi, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kupima maji yamefika wapi. Hakuniita nimshikie tochi.

Kwa miezi yote hii nimeomba nisikie akisema naenda. Leo amesema, na ndani ya sentensi hiyo mimi simo.

Inauma. Nitaiacha iume.

Kesho alfajiri nitamfungulia geti, nitalifunga nyuma yake, na sitapiga simu kuuliza amefika wapi.