Madoa Saba ya Sekela

Ipogolo, Iringa
14 Juni

Kwa dada yangu Tumpe,

Ugonile, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima kwenye baridi hilo la Uyole, wewe, shemeji na watoto. Je, mgongo umepoa, au cherehani bado inakutesa? Sisi huku hatujambo, ni kikohozi tu kinachozunguka nyumba kwa nyumba. Simu nimeiacha makusudi. Nilicho nacho kinataka karatasi.

Dada, tumeshinda! Filamu yetu ya katuni ya Kanga Sekela imepata tuzo ya kwanza kwenye tamasha la filamu za watoto kule Dar es Salaam. Ni dakika kumi na moja tu, lakini watoto walipiga kelele mpaka sauti ya filamu ikamezwa. Sekela alipowafukuza ngedere kwenye shamba la mahindi, msichana mmoja alipanda juu ya kiti akawa anamwelekeza pa kupiga. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Wewe unamjua Sekela wa sasa, mnene, mwenye kilemba. Hakuanza hivyo. Miaka tisa iliyopita jarida la watoto la usharika wetu lilitaka kiumbe wa kuwafundisha kunawa mikono, nikawapelekea kanga mwembamba, shingo kama mpini wa jembe, madoa mwili mzima. Alipochapishwa wino ulisambaa, akaonekana kama aliyegaragara kwenye matope. Mzee Afroz, mwenye duka la uchapaji, aliniambia wazi kwamba ndege huyo ana uso wa mama mkwe aliyenyimwa chai, watoto watamkimbia. Basi nikamkuza macho, nikamfupisha shingo, nikamfunga kilemba. Akahamia kwenye mabango ya zahanati, kisha kwenye kalenda. Tulipoanza kumtembeza kwenye televisheni, Lusia, anayechora mwendo wake, alilalamika kwamba kila sekunde inadai picha kumi na mbili, na kila picha ina madoa sitini. Tulibishana wiki nzima. Tukabakiza saba. Ndiye huyo ambaye mwanao wa mwisho hagusi ugali mpaka kipindi chake kiishe.

Uliponipigia mwaka jana kunieleza hilo, ulisema Mungu amenipa kipaji. Nilikata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, dada.

Kanga yule ni wako. Nilikuwa na miaka saba, nimeungua mguu kwa maji ya moto, siku ya tatu nakataa kula. Wewe ulichukua kipande cha mkaa, ukachora kanga mwenye shingo ndefu kwenye ukuta wa jikoni, ukawa unanigombeza kwa sauti yake, kwa Kinyakyusa, mpaka nikacheka, nikala. Kabla ya Pasaka baba akaupaka ukuta chokaa. Wewe ukaenda kujifunza kushona, ukasahau. Mimi sikusahau hata doa moja. Mhariri wa lile jarida aliponiuliza kama ndege ni wangu, nilisema ndiyo kwa kuogopa kukosa kazi. Baadaye nilisema ndiyo kwa kuwa nilikuwa nimezoea kupigiwa makofi. Na kila nilipombadilisha, nilijidanganya kwamba sasa amekuwa wangu kweli. Nisamehe.

Waliponiita jukwaani na kunitaja kuwa baba wa Sekela, nilikataa. Nikawaambia, "Mimi nimemlea tu. Mama yake anaitwa Tumpe Mwakalinga, yuko Uyole, anashona sare za shule." Ukumbi mzima ukasimama, dada, kwa ajili yako. Lusia alinikumbatia, kisha akanitandika kofi la mgongo kwa kukaa na siri hiyo miaka yote.

Jumamosi ya tarehe 28 tunaileta filamu Mbeya. Jina lako limetangulia langu, kwa herufi kubwa, peke yake kwenye kioo. Likitokea, watoto watageuka kumtafuta mwenyewe. Kama una hasira nami, utanigombeza baadaye, hata mbele za watu, nitainamisha kichwa. Lakini dakika ile usijifiche nyuma ya mtu. Simama wakuone.

Mke wangu Faustina anamsalimu shemeji, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Mungu awatunze hadi tuonane.

Mdogo wako,
Aroni