Mbio za Petro na Chungu cha Njiani

Korogwe, nyuma ya kituo cha gari moshi,
19 Februari 1911

Mpendwa kaka Kaleb,

Shikamoo. Nakusalimu nikitumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi Yuditha na mtoto, huko mbele ya Dodoma mnakotandika reli. Je, homa ya mtoto imekwisha? Na kile kikohozi chako cha vumbi kimekuachia, au bado unajifanya hukisikii? Sisi hapa hatujambo kwa rehema za Mungu, isipokuwa jambo moja ambalo nitakuandikia huko mbele. Mwaka mzima umetuletea karatasi moja tu, nayo ilikuwa na mistari minane. Ukisema huna nafasi nitakuamini. Ukisema huna la kuandika sitakuamini.

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na hii ni mara ya nne ninakaa kwenye kigoda hiki. Mara ya kwanza niliinuka kutazama maharage, mara ya pili kufukuza kuku, mara ya tatu sijui nilifuata nini. Mwanangu Hosiana ameniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Mama yetu yuko Mpale, anakula na anagomba kama zamani. Magoti yanamsumbua akishuka mlimani, kwa hiyo hashuki, anatuma watu watuletee maneno yake. Mvua za vuli zilikuwa haba na mahindi ya bondeni yamenyauka, lakini migomba ya kule juu haijambo. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Mama anasema ni wako, nami nasema maziwa ni yetu.

Basi, nije kwa mpwa wako.

Ulimwacha Petro ana miaka kumi na mmoja. Sasa amefikisha kumi na minne na miguu imemrefuka, kila nguo inaishia magotini. Alianza kukimbia bila kuambiwa na mtu. Baba yake hufanya kazi na kundi linalokaza reli, na siku nyingine huwa mbali, karibu na Mombo. Nilikuwa nikimpa Petro chakula ampelekee, na chakula kikawa kinafika kina moto. Wanaume wa reli wakashangaa, wakawa wanaweka kijiti chini na kutazama kivuli kimesogea kiasi gani. Mtoto alikuwa akirudi nyumbani anacheka peke yake. Ningependa ukumbuke hilo kuliko yote nitakayoandika hapa chini, kwamba alikuwa anacheka.

Ndipo ikaja habari kwamba siku ya kuzaliwa Kaisari kutakuwa na mbio za vijana, kutoka kituoni mpaka mtoni na kurudi, vijana wa Korogwe na wa Handeni. Unamjua shemeji yako Simeo. Aliwahi kuwa mpagazi, akaenda Kilimanjaro na kurudi na mzigo kichwani, basi hujiona anajua yote yahusuyo miguu. Akamfunga mtoto vifuko vya mchanga kwenye vifundo. Akamkataza ndizi, eti zinalainisha mapaja. Akamkataza maji mpaka amalize kukimbia, eti wapagazi hodari hawanywi njiani. Jirani mmoja akamwambia mayai mabichi yanaongeza pumzi, na kwa wiki mbili nikamtazama mwanangu akimeza mayai mabichi huku amefumba macho. Hakuwa anacheka tena.

Mimi nilisema neno? Nilisema. Nilisema kidogo, halafu nikaenda kuwaambia wanawake kisimani kwamba Petro wangu hana wa kumfikia. Nisijifanye mtakatifu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Bendera, ngoma, akida wa serikali amevaa kanzu mpya, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Kina baba walikuwa hawakamatiki. Mmoja alitaka kumpiga mwenziwe fimbo kwa sababu mtoto wake amesimamishwa nyuma. Vijana walikuwa wametulia kwenye mstari wao, wazazi ndio waliotokwa jasho.

Nilikaa na mama mmoja Mzigua aitwaye Mwaija. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Misima na mwanawe Abdi, naye pia alikuwa anakimbia. Alimpa Abdi kibuyu anywe maji, akamwambia, "Haya, nenda baba. Ukichoka, tembea. Chakula kipo." Nikacheka moyoni. Nikasema, huyu mama hakuja kushinda.

Wakaondoka. Kwa muda hatukuona kitu ila vumbi. Kisha wakatokea wakirudi kutoka mtoni kwa njia ya pili, na Petro alikuwa mbele! Alikuwa mbele kwa hatua ishirini, kaka, na Abdi ndiye aliyemfuata. Nilipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka. Simeo alikuwa amesimama mbali nasi, penye kona ile ya mkuyu, na mtoto alipomkaribia akaanza kupiga kelele, "Ruka! Petro, ruka! Ruka!"

Petro akageuza kichwa kumtazama baba yake. Akaruka bila kujua anaruka nini, mguu ukatua kwenye ukingo wa mfereji wa kando ya njia, akaanguka. Abdi alifika pale Petro aliporuka, akapakanyaga kwa miguu yote miwili, akaenda zake mpaka kituoni. Akapewa kondoo.

Mwaija alifika kwa mwanangu kabla yangu. Alichana mtandio wake akamfunga kifundo, kisha akamwuliza Simeo kwa heshima, "Mzee, mtoto alikuwa anakwenda vizuri. Ulikuwa unamwambia nini?"

Simeo akasema, "Nimeona nyoka."

Basi watu wakachukua fimbo, wakamtafuta nyoka. Walipiga majani mpaka jua linazama, na akida naye akatoa askari wawili wasaidie. Hapakuwa na nyoka, kaka. Palikuwa na chungu, na hakuna aliyekiona.

Chungu kidogo cha udongo, cheusi, kilichofukiwa katikati ya njia. Simeo, mzee wa kanisa, anayesimama mbele ya watu kila Jumapili kutoa tangazo, alikwenda kwa mganga mmoja upande wa Handeni. Akapewa dawa ya kuwafunga miguu wengine, na masharti yake ni kwamba mtoto wake airuke, asiikanyage, maana akiikanyaga itamfunga yeye. Lakini Petro anasoma misheni. Simeo alijua akimwambia atakataa. Hakumwambia. Akaona atasimama pale penye dawa na kumwambia aruke akifika. Mtu mzima alikaa akawaza, akaona huo ndio mpango mzuri.

Hapa nimeinuka tena. Nimerudi.

Wiki tatu Petro alikaa na mguu umevimba, nami nikiukanda kwa maji ya moto. Na unajua ni kitu gani kilichotumaliza? Mtoto alikuwa anamshukuru baba yake. Kila aliyekuja kumwona alimwambia, "Baba ameniokoa na nyoka. Afadhali mguu kuliko kuumwa." Akimwona Simeo anaingia hujivuta ampishe mahali pa kukaa. Simeo akawa hali. Anatia tonge mdomoni anautazama ukuta. Usiniulize mimi nilikuwa nakulaje.

Mguu ulipona. Juzi Ijumaa alitembea mpaka sokoni na kurudi bila fimbo. Alikutana huko na Salimu, yule anayeleta tumbaku kutoka Handeni, naye alikuwa na ujumbe wa Abdi. Abdi anasema kondoo hajamchinja. Anasema, "Mwambie Petro nilimshinda nyoka, yeye sijamshinda bado." Baada ya Pasaka kutakuwa na mbio Handeni, naye anataka wakimbie tena wawili. Petro alirudi nyumbani macho yanawaka. Akaniambia, "Mama, safari hii nitamwomba baba asimame kila mahali, anitazamie nyoka."

Nikamwita Simeo nje. Nikamwambia, "Leo au kesho. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi." Hakubisha hata kidogo. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwambie.

Jana alasiri akachukua jembe, akamwita mtoto, nami nikawafuata. Alichimba pale penye kona, mbele ya watu wanaopita, akakitoa chungu. Akasema yote. Sikuwahi kumsikia shemeji yako akisema maneno mengi namna ile bila kumlaumu mtu mwingine. Akamaliza akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka ushinde."

Petro hakuangalia chungu, alimwangalia baba yake. Kisha akauliza polepole, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani, "Tate, kwani uliona siwezi?"

Simeo amebeba mizigo ya watu mpaka Kilimanjaro, lakini hilo lilimshinda. Alisimama na jembe mkononi.

Sasa, kaka, nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nilipochovya kalamu.

Chungu kile kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa nguo. Mganga alisema kifungwe kwa kipande cha mbeleko aliyobebewa mtoto, ili dawa imjue mwenyewe. Mbeleko ile ya kaniki uliyoninunulia wewe Tanga, niliyoishona ukingo mwekundu. Nilimbebea Petro, nikambebea na Hosiana, nayo nimeiweka ndani ya sanduku langu ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Simeo hana ufunguo. Simeo hakuiba kitu. Alinijia akaniambia anataka nini na kwa kazi gani, nami nikafungua sanduku, nikachukua kisu, nikamkatia. Nilikuwa nawaza wanawake wa kisimani.

Petro akauona ule ukingo mwekundu. Akainama, akaufungua utepe kwenye chungu, akaukung'uta udongo, akaukunja vizuri, akanipa. Hakuniuliza kitu, kaka. Baba yake alimwuliza, mimi hakuniuliza. Akatangulia kurudi nyumbani, hachechemei kabisa.

Tangu hapo ameamka, ametuamkia, ameteka maji, amekula alichopewa, ameshukuru. Asubuhi ameniuliza kama nataka kuni. Naogopa, kaka. Siogopi mguu, mguu umepona. Naogopa hii adabu yake. Afadhali angepiga mlango kwa teke. Nilimzaa mimi, nami namwona anakaa nyumbani kwangu kama mgeni mwema anayengoja gari moshi.

Habari ya Handeni hajaitaja tena, hajasema ndiyo wala hapana. Simeo amechoma vile vifuko vya mchanga, na amesema hatatia mguu kwenye mbio zozote za Petro mpaka Petro mwenyewe amwite. Mimi nimesema kama yeye. Sijui tutaitwa lini.

Kwa desturi yetu wewe mjomba ndiye mwenye neno juu yake, na neno letu sisi kwa sasa halina uzito. Nakuomba umwandikie yeye, jina lake juu ya bahasha, usipitishe kwangu. Usimlazimishe kukimbia wala usimkataze. Usitutetee. Umwulize tu yeye anataka nini, kisha ungoje jibu lake, hata likichelewa. Ukiweza, isiwe mistari minane. Kuhusu kwamba anaweza, usimwambie kwa niaba yangu. Nitamwambia mwenyewe nikipata uso wa kumtazama.

Simeo anakusalimu, na anasema ukimtukana katika barua ijayo atavumilia. Hosiana anamsalimu binamu yake na anauliza kama Dodoma kuna simba. Mama anakusalimu kutoka Mpale na anasema urudi uoe— samahani, hilo alilisema kabla hujamwoa Yuditha, sasa anasema urudi ulime. Nisalimie wifi Yuditha sana, umbusu mtoto, na umsalimu yule Habakuki wa kwetu kama bado mko naye kazini.

Nilipofika hapa kwenye salamu nilimwita Petro, nikamwuliza amwambie nini mjomba. Akafikiri kidogo, akaniomba karatasi na kalamu. Nikampa karatasi nzuri, ile niliyokuwa nimeibakiza nimalizie mimi, ndiyo maana hapa mistari imebanana. Akaenda kukaa kwenye kizingiti, akanipa mgongo. Aliandika mpaka maharage yakaiva. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwa gundi ya mti, akaileta, akasema, "Hii ni ya mjomba."

Nimeitia ndani ya bahasha hii pamoja na yangu. Ni nene kuliko nilivyotazamia. Gundi haijakauka vizuri, ingefunguka kwa ukucha, na hakuna ambaye angejua. Vidole vyangu vimeizunguka tangu aliponipa. Sikuifungua, kaka. Nakuapia kwa Mungu anayetuona, sikuifungua.

Yeye awalinde huko mliko, awape mvua kwa kiasi na kazi isiyoua, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Raheli